Balbu Imeingia, Mbona Haiwaki?

Wasee, najua mmezoea nikija hapa nimebeba mambo mazito. Nauli za mathree, kodi ya nyumba, wasanii wetu na vituko vyao. Leo nimebeba balbu. Balbu moja ndogo inayotoshea kwa kiganja, na ilinipeleka tao mara nne kabla iwake. Katikati ya hizo safari nilimchafulia mtu jina mtandaoni, kwa hivyo pia hii ndiyo ile posti baadhi yenu mmekuwa mkinidai kwa inboksi, mkiuliza mbona nilifuta stetasi ya balbu feki. Sasa nitawaambia. Kaeni.

Mamangu ni fundi wa nguo. Ako na kistoli tao, kwa moja ya zile eksibisheni ambazo ukipanda ngazi unapita watu wa wigi, unapita watu wa kava za simu, halafu kona ya mwisho kabisa unasikia cherehani ikilia. Stoli yenyewe haina dirisha. Saa sita mchana ama saa mbili usiku, ndani ni kulekule. Kabla yake palikuwa pa mtu wa saa na mikufu, na huyo ndiye aliweka dari ya gipsamu na taa nne ndogo zimezama ndani ya dari, zile zinamwaga mwanga chini kama tochi ili dhahabu imeremete. Mama hana dhahabu. Aliweka cherehani chini ya moja ya hizo taa na akafanya kazi miaka saba.

Sasa, Jumanne moja nimepitia hapo kuchukua funguo za keja, napata amefunga simu yake kwa shingo ya cherehani na kipande cha lastiki, tochi imewashwa. Taa ya juu imekufa.

"Tangu lini?"

"Ni kama wiki tatu. Lakini si taa tu, baba. Ni macho yangu. Yameanza kuisha."

Mama huniita baba kwa sababu nimebeba jina la babake. Akiniita hivyo kwa sauti ya chini najua kuna kitu hajamaliza kusema. Nikangoja. Akatoa koti la bwana harusi, buluu ya nevi iliyokolea, kitambaa kizuri cha bei. Kola yote alikuwa ameishona na uzi mweusi akidhani ni nevi. Aligundua alipotoka nalo hadi kwa ngazi ambako kuna jua. Akalifumua usiku mzima, mshono kwa mshono, akitumia tochi ya simu. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na makoti ni manne. Akaniambia anafikiria kurudisha diposti na kuelekeza hao watu kwa fundi mwingine.

Mimi nikajua tu kitu kimoja: balbu. Kitu kidogo hivyo? Nikamwambia narudi baada ya dakika ishirini.

Kosa la kwanza, na mtanicheka, nilienda bila ile balbu ya zamani. Nilikuwa nimeiona kwa macho, nikasema inatosha. Duka la kwanza nikaomba "ile balbu ndogo ya dari, iko na miguu miwili". Msee akanipa bila hata kuinua kichwa kutoka kwa simu. LED, safi, mia tatu. Nikarudi nikipanda ngazi mbilimbili.

Haikuingia. Miguu yake ilikuwa minene, kila mguu uko na kofia kwa ncha kama kiatu, halafu imeachana sana. Holda ya mama iko na vitundu viwili vidogo vimekaribiana. Nikaanza kusukuma. Mama akasema, "Shuka hapo kabla uvunje." Akaomba ile ya zamani, akaivuta kutoka kwa dari na kitambaa, akavua ile tepu ya kupimia inayolala shingoni mwake miaka yote, akaweka balbu mbili kwa meza. Ile mpya, kutoka mguu hadi mguu, sentimita moja. Ile ya zamani, nusu na kitu kidogo.

"Kwa hivyo umeenda kununulia mtu suruali na hujampima."

Sikuwa na jibu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hicho kipimo ndicho jina lake. Kuna balbu inaitwa GU10, na hiyo kumi ni milimita kumi kati ya mguu na mguu. Hiyo ndiyo yenye viatu, unaisukuma na kuizungusha ndio ikamate, na inakula stima moja kwa moja kutoka ukutani, yaani zile volti 240 zetu za kawaida. Halafu kuna GU5.3, na hiyo ni milimita 5.3, miguu myembamba kama sindano, unaichomeka tu. Hiyo kwa kawaida ni ya volti 12. Zote mbili uso wake ni mmoja, duara la kama sentimita tano, kioo kimepinda kama bakuli. Ukiziweka kwa rafu zimeangalia mbele ni pacha. Na ukisikia mtu wa duka akisema MR16, hilo ni umbo na upana wa uso tu: 16 ni nane-za-inchi kumi na sita, yaani inchi mbili. Haikuambii chochote kuhusu stima. Mimi nilikuwa nasikia MR16 najiona nimefika.

Jumatano nikaenda na balbu ya zamani mfukoni. Nimejifunza, si ndio? Duka la pili, kijana wa rika langu, mchangamfu. Akachukua ile ya zamani, akachukua mpya, akazigusanisha miguu. Zikalingana. "Hiyo ndiyo yenyewe, bro." Mia mbili na hamsini. Nikalipa na M-Pesa nikatoka.

Ikaingia vizuri kabisa. Tukabonyeza swichi. Kimya. Nikaitoa, nikaigeuza, nikairudisha, kimya. Nikaichomeka kwa holda ya tatu ambayo balbu yake ilikuwa inawaka sawa. Kimya. Mama akaniomba aione, akaishika karibu na tochi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, halafu akanirudishia bila kusema kwamba haoni. "Imeandikwa nini hapo shingoni?"

Maandishi madogo ya kijivu juu ya plastiki nyeupe. 220-240V.

Na ile ya zamani, kwa ukingo wa kioo: 12V 50W.

Hapa ndipo nataka mnielewe, kwa sababu hii imeuma watu wengi. Miguu ilikuwa sawa, upana sawa, umbo sawa, lakini stima ilikuwa tofauti mara ishirini. Viwanda vinatengeneza balbu ya miguu ileile ya GU5.3 kwa volti 12 na nyingine kwa volti 220 hadi 240, na zote zinauzwa rafu moja. Bahati yangu nilikosea upande wa upole. Balbu ya 240 ikipewa 12 inakaa tu giza, haina njaa ya kutosha kuamka. Ukifanya kinyume, upewe ya 12 uichomeke mahali pa 240, utasikia mlio na utaona moshi.

Kama umetoka ocha unaijua hii kwa njia nyingine. Shosho akiwekewa sola, kuna zile balbu za volti 12 ziko na kichwa cha pini, kilekile cha balbu ya kawaida ya nyumba. Mtu anakuja likizo na balbu ya duka la mtaa, anaichomeka kwa sola, haiwaki, anaanza kusema sola imeharibika. Au shangazi anabeba ile ya sola anaipeleka kwake Kayole, inakufa siku hiyohiyo. Balbu zimeingia zote mbili.

Alhamisi nilikuwa mtaalamu. Nimesoma, nimeangalia video sita, nimeandika kwa simu: GU5.3, volti 12, LED. Nikaamua pia wati tano badala ya hamsini, kwa sababu kwa sanduku wameandika tano ni sawa na hamsini za zamani. (Hiyo "ni sawa na" msiiamini sana. Angalieni lumeni, hiyo ndiyo kiasi cha mwanga. Wati ni kiasi cha stima inayoliwa, na wauzaji wengine wana matumaini makubwa na balbu zao.) Hii mara nilienda Luthuli, kwa duka dogo la mama mmoja wa makamo ambaye amezungukwa na waya hadi huoni ukuta. Aliniuliza swali moja nikitoka: "Uko sure na kule inaenda?" Nikamwambia niko sure, mathe. Nilikuwa na haraka.

Ikaingia. Ikawaka! Nikapiga kelele, jirani wa wigi akachungulia. Halafu ikazima. Ikawaka. Ikazima. Ikawaka kidogo, ikatetemeka, ikazima. Kama mathree ya Rongai usiku wa Ijumaa, ila bila muziki. Mama aliketi akajaribu kushona hivyo dakika tatu, mguu kwa pedali, uso umekunjwa. Akasimama akafunga tena simu kwa cherehani na lastiki.

"Afadhali hii," akasema. "Asante, baba. Umejaribu."

Hiyo asante ndiyo ilinichoma. Ilikuwa asante ya kufunga faili. Nikaona akichukua simu nyingine, ile ndogo, na nikajua anatafuta namba ya watu wa harusi.

Nikakasirika, na mimi nikikasirika ninajua pa kwenda: kwenu. Nikarekodi balbu ikiyumba, nikasema maneno kuhusu maduka ya Luthuli na bidhaa feki na vile wanatuona sisi vijana ni wajinga. Sekunde arobaini. Sikutaja jina la duka, lakini kwa kona ya video mfuko wao wa karatasi ulionekana na muhuri wake. Nikaweka. Baada ya saa moja watu zaidi ya mia nne walikuwa wameangalia, na mmoja akaandika anajua hilo duka, hata yeye walimuuzia chaja mbaya. Mwingine akasema twende tukawaulize. Mimi nikaweka moyo kwa kila moja. Nilijisikia fiti, kusema ukweli. Nilijisikia kama nimemfanyia mama kitu.

Ijumaa asubuhi nikaenda kudai pesa yangu. Nikaiweka kwa kaunta kwa nguvu. "Mama, hii kitu yenu ni feki."

Yule mama hakubishana. Alichukua balbu, akavuta kifaa chake cha kupimia, ni kiboksi kinachotoa volti 12 na nyaya mbili zenye koleo ndogo, akaishika miguu. Ikawaka. Akaiweka kwa meza ikiwa imewaka, akaendelea kuhudumia mteja mwingine aliyetaka fiuzi, akarejesha chenji, akarudi. Balbu bado inawaka, hata kope haijapepesa.

"Kijana yangu, balbu ni nzima. Kwenu juu ya dari kuna transfoma gani?"

"Transfoma gani?"

Akanitazama. Sijui kama alikuwa ameona ile video. Sikumuuliza wakati huo, na mpaka leo hajasema.

Akaanza kunifundisha, pale kaunta, watu wakipita. Ukutani kuna volti 240. Balbu inataka 12. Lazima kuna mtu katikati wa kushusha, na huyo amejificha juu ya gipsamu, kiboksi kidogo cha plastiki cheupe kwa kila taa. Mafundi wa zamani walipenda taa za volti 12 kwa sababu ule waya wa ndani wa balbu ya halojeni ukiwa wa volti ndogo unakuwa mfupi na mnene, haukatiki ovyo, na mwanga unatoka mahali padogo kwa hivyo unaweza kulengwa vizuri juu ya saa ama pete. Lakini volti zikishuka, ampea zinapanda. Ile ya zamani ya wati 50 kwa volti 12 inavuta ampea nne na kitu. Wati hizohizo kwa stima ya ukutani ni kama sehemu moja ya tano ya ampea moja. Mimi fizikia nilipata C, lakini hiyo hesabu hata mimi niliweza kuifanya kwa kichwa pale: wati gawa kwa volti.

"Sasa," akasema, "hiyo transfoma yenu ilitengenezewa halojeni. Imeandikwa labda 20 hadi 60. Hizo ni wati. Watu wanaangalia 60 peke yake, kwamba isizidi. Hiyo 20 ni nini?"

Sikujua.

"Umewahi kuona mathree ikitoka steji na abiria mmoja?"

Hapo nikacheka kwa sababu niliona. Wewe ndiye abiria mmoja. Dere anawasha injini, anasogea mita mbili unadhani safari imeanza, anazima, anarudi nyuma, konda anaita, anawasha tena. Haiendi mpaka ijae. Hiyo transfoma ya elektroniki inataka mzigo wa angalau wati 20 ndio itulie kufanya kazi. Mimi nimeipandisha wati tano. Inaamka, inasikia hakuna mzigo, inalala, inaamka. Na balbu, masikini, inafuata tu.

Akanipa njia tatu, na aliniambia bei ya kila moja bila kunisukuma popote. Ya kwanza, nirudi kwa halojeni, ya wati 35 ama 50, nichomeke na niende nyumbani. Rahisi, na mwanga wake kwa rangi hauna mpinzani. Lakini joto lake linachoma kichwa cha fundi aliyeketi chini yake, na wati hamsini kwa masaa kumi ni nusu yuniti kila siku, na mama hununua tokeni mwenyewe. (Kama wewe utachagua hiyo, usiishike kile kidonge cha kioo cha ndani na vidole vitupu. Mafuta ya ngozi yanabaki pale, kioo kinapata moto sana mahali hapo pamoja, na balbu inakufa mapema. Mama aliishika na kitambaa bila kujua hayo, kwa mazoea tu ya kutochafua vitu.) Ya pili, fundi aondoe transfoma na holda zote, aweke holda ya GU10 na stima ya kawaida ya 240. Watu wengi wanafanya hivyo na ni sawa, ikiwa ile fremu ya dari inakubali na nyaya zinafungwa vizuri. Ya tatu, kubakisha holda na balbu, na kubadilisha yule mtu wa katikati: kuweka draiva ya LED ya volti 12, ile haina masharti ya abiria. Akanionya kitu hapo. Kuna draiva zimeandikwa miliampea peke yake, 350 ama 700, hizo ni za kazi nyingine. Yetu iandikwe 12V, na wati zake zizidi za balbu.

Nikachagua ya tatu, draiva ya wati 12, mia nne na hamsini. Halafu akaniuliza, na hili hakuna video yoyote kati ya sita iliniuliza: "Mama anafanya kazi gani hapo?"

"Anashona."

Akachukua balbu yangu akairudisha kwa rafu. "Basi hii umechukua ni ya dukani la nyama." Nilichukua 6500, nyeupe ya barafu, kwa sababu nilidhani nyeupe zaidi ndiyo mwanga zaidi. Hiyo namba ni rangi tu: 2700 na 3000 ni njano ya jioni, 4000 iko katikati, 6500 inaenda kwa buluu. Lakini chini ya hiyo, kwa maandishi ambayo hata mimi na macho yangu ya miaka 22 niliyatafuta, kuna namba nyingine, Ra ama CRI. Inaenda hadi 100 na inasema balbu inaonyesha rangi za vitu kwa uaminifu kiasi gani. Halojeni iko karibu kabisa na 100. LED nyingi za kawaida ni 80. Mtu anayechagua uzi anataka 90 kwenda juu. Alikuwa nazo mbili tu, kwa droo ya chini, na ni ghali. Alinipunguzia. Balbu ambayo nilikuwa nimeiita feki mbele ya watu mia nne aliihesabu kama pesa yake kamili.

Nikiwa nje kwa ngazi nikafuta ile video. Kisha nikarudi ndani, nikamwambia mwenyewe. Nilimwambia niliweka, ilikaa tangu jana jioni, mfuko ulionekana, na nimefuta. Alikuwa anafunga roli ya waya. Akasema, "Sawa." Kimya. Halafu: "Na wale waliokuwa wameiona?" Sikuwa na jibu la hiyo, ndiyo maana naandika hapa na si kwa stetasi inayoisha baada ya masaa ishirini na nne. Wewe uliyeandika kwamba unajua hilo duka: balbu ilikuwa nzima. Sijui kuhusu chaja yako.

Fundi wa stima alikuja Jumamosi asubuhi, mtu mwenye leseni, kwa sababu keateka wa jengo hataki kusikia mambo ya mimi kupanda stuli. Na yuko sahihi. Ile 12 ni ya upande wa balbu. Upande wa pili wa kile kiboksi ni 240 kamili, na Jumatano mimi nilikuwa nimeingiza mkono juu ya dari nikipapasa na swichi imewashwa. Fundi alizima kutoka kwa bodi kuu, akavuta transfoma ikatoka ikining'inia na vumbi la miaka. Kwa kibandiko: 20-60W. Halafu akavuta holda, akaigeuza, akatuonyesha. Kitundu kimoja kimeungua, kimekuwa kahawia na kulegea. Ampea nne zikipita mahali palipolegea, pale ndipo joto linakaa. Hata ningerudisha halojeni mpya, ingeweza kuzima tena baada ya muda mfupi, na ningerudi Luthuli kupigana na mtu mwingine. Holda mpya ilikuwa shilingi themanini.

Ikawaka. Haikutetemeka. Hakuna aliyepiga kelele mara hii, tulikuwa tunangoja izime.

Mama hakuangalia juu. Alichukua rili mbili za uzi kutoka kwa droo, akaziweka kwa koti, moja kushoto, moja kulia. Nyeusi. Nevi. Akaweka kidole kwa ya kulia bila kufikiri. Halafu akafungua lastiki kwa cherehani, akatoa simu, akanipa niiweke chaji.

Ningependa kuwaambia kwamba hivyo ndivyo macho yake yalipona. Hapana. Rangi alikuwa anaziona tena, lakini kupitisha uzi kwa sindano bado ilikuwa vita, alikuwa ananyoosha mikono hadi mikono inaisha. Wiki baada ya harusi nilimpeleka kupimwa, na kweli alihitaji miwani ya karibu, kitu cha kawaida kwa mtu wa miaka 52. Daktari alisema pengine ameihitaji miaka miwili, mitatu. Mwanga mkali wa ile halojeni ulikuwa umemfichia. Taa ilipokufa vikafichuka vyote viwili kwa pamoja, naye akachukua lawama yote akaiweka kwa macho, kama mimi nilivyoichukua yote nikaiweka kwa duka. Wiki tatu alikuwa gizani akijiambia ni uzee, na mimi nilikuwa napita hapo kuchukua funguo.

Makoti manne yalitoka Alhamisi. Nimeona picha za harusi, zimepigwa juani, na nimezivuta karibu nikatafuta uzi mweusi kwa kola. Hakuna.

Siku hizi miwani inaning'inia shingoni pamoja na tepu, zinakorogana, anazitenganisha akilalamika. Zile taa tatu zingine bado ni halojeni, tunazingoja moja moja, kwa sababu draiva na balbu ya 90 si pesa ya kuchezea. Jana jioni ya mlangoni imezima. Nilijua kwa sababu simu ililia nikiwa kwa mathree, na kabla hata nimuulize kitu mama alikuwa amenitumia picha mbili: moja ya shingo ya balbu, nyingine ya kibandiko cha transfoma, imepigwa vizuri, kila namba inasomeka. Kijana wa wigi ndiye amepanda stuli. Na amezima kutoka kwa bodi, nimeuliza.